Siku ya Pili ya Kiharusi

Nyinyi wanafunzi wa uuguzi mlioniita chuoni kwenu mwezi uliopita mlinipa kiti cha mbele, chupa ya maji na dakika ishirini. Dakika ishirini! Mimi hata kumwelekeza mtu njia ya kwenda soko la mifugo hapa Garissa hunichukua zaidi ya hapo. Nikasema mawili matatu, mkapiga makofi, mkapiga picha. Halafu msichana mmoja aliyekaa nyuma akaniuliza ni ugonjwa gani ulionisumbua kuliko yote. Nikamjibu malaria, ili tumalize, maana nilimwona mwalimu wenu akitazama saa. Haikuwa kweli. Nimekaa na swali hilo nyumbani wiki nne sasa, na leo naandika jibu lenyewe.

Naitwa Kaltuma. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na minne, mingi katika wodi ya wanaume mjini hapa, mingine katika zahanati za kambi za wakimbizi, Ifo na Dagahaley. Nimestaafu juzijuzi, ingawa magoti yangu yalistaafu kabla yangu.

Ugonjwa ulionisumbua ni kiharusi. Tena si kiharusi chote. Ni siku yake ya pili.

Siku ya kwanza hakuna asiyeogopa. Mtu ameanguka, mdomo umeenda upande, mkono umelegea, jamaa wamejaa mlangoni wakisoma Yasini na kulia. Hapo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua kuna hatari. Siku ya pili mgonjwa anafungua macho, anataka chai, anawauliza wanawe nani amebaki na mbuzi. Jamaa wanasema alhamdulillahi na kukunja mikeka yao. Na wewe muuguzi, kwa kuwa nawe ni binadamu na umechoka, unaanza kutabasamu pamoja nao. Siku hiyo inadanganya, wanangu. Ilinidanganya mimi nikiwa na mvi kichwani, na nilikuwa nimeshaonywa na mtu aliyejua.

Mtu huyo aliitwa Dakane. Alikuwa mkuu wa wodi nilipoanza kazi, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyokufanya umwinamie ili umsikie. Alizaliwa katika familia ya wachunga ngamia, akaacha ngamia akaenda kusomea uuguzi, na kila likizo baba yake alimwuliza kama ni kweli kazi yake huko mjini ni kufuta matapishi ya watu wasio ndugu zake. Alijibu ndiyo. Nilipenda sana alivyokuwa akisimulia jibu hilo, bila aibu wala maringo.

Vitanda vya siku hizo havikuwa na mkono wa kuzungusha wala kitufe cha kubonyeza kama hivi vyenu. Bwana Dakane aliweka matofali nyuma ya mlango wa wodi. Akiletwa mgonjwa wa kiharusi, kabla hata ya kuandika jina lake kwenye faili, aliyaingiza matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, mpaka kichwa kikainuka kadiri alivyotaka. Kisha alinyoosha shingo ya mgonjwa isipinde kulia wala kushoto, na kulegeza kola ya kanzu. Watu wakamwita Dakane Matofali. Siku moja mpishi wa hospitali aliyachukua akatengenezea jiko. Bwana Dakane alikwenda jikoni, akaitua sufuria ya uji chini taratibu, akayakusanya matofali yake yakiwa bado moto kwa kitambaa, akarudi nayo. Wodi nzima ilikunywa uji wa baridi siku ile na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Tulipopelekwa Dagahaley kusaidia, matofali hayakuwepo. Akaomba gunia la unga wa mgao ambalo halijafunguliwa, akalilaza chini ya godoro. Mchana akaja mama mwenye gunia, mikono kiunoni. "Daktari, mgonjwa yako nalalia chakula ya watoto yangu!" Bwana Dakane akamwambia mgonjwa ni mwepesi, unga hautaharibika. Mama yule akamtazama mgonjwa, akauliza ni mtoto wa nani, akaambiwa, na kumbe alikuwa akimjua mama yake. Akaketi hapo mpaka jioni akimpepea. Gunia alilichukua siku ya tano.

Siku ya tano ndiyo iliyokuwa kanuni yake. "Kichwa juu, shingo sawa, na usimwamini mpaka siku ya tano." Nilimwuliza kwa nini ya tano. Akasema hajui. Ameona tu, mwaka baada ya mwaka: mgonjwa wa kiharusi kikubwa anaamka siku ya pili, anazungumza, halafu siku ya tatu au ya nne anaanza kusinzia, anatapika, na anaondoka. Vitabu tulivyokuwa navyo vilisema ubongo huvimba. Kwa nini uvimbe baadaye, wakati mshipa uliziba tangu juzi, havikusema, au sisi hatukufika ukurasa huo.

Sikumwelewa upesi, na ujinga wangu wa mwanzo ulikuwa wa aina nyingine. Nilikuwa na mwaka mmoja kazini. Aliletwa bibi mmoja mwenye kiharusi, amelala chali, na binti yake amebeba maziwa ya ngamia kutoka mbali, bado yananuka moshi wa chombo. Akaniomba ampe mama yake kidogo tu. Mimi nimelelewa kwa maziwa hayo, nitakataaje? Nikasema mpe. Bibi alikohoa mara mbili tatu, tukafikiri yamekwisha. Yalikuwa yameingia kwenye mapafu. Alikufa baada ya siku tisa, na binti yake aliniaga kwa heshima na kunishukuru, na mpaka leo shukrani ile inanichoma.

Bwana Dakane hakunigombeza. Alinilaza chali kwenye kitanda kitupu, akanipa kijiko cha maji, akasema, "Meza." Nilikohoa mpaka shungi likaniporomoka. "Wewe ni mzima," akasema. "Yeye nusu ya koo imelala." Tangu siku hiyo sijampa mgonjwa wa kiharusi kitu kabla sijamkalisha wima, nikampa maji kijiko kimoja na kumsikiliza sauti. Sauti ikitoka kama ya mtu mwenye maji kooni, hapewi kitu kwa mdomo, hata ndugu wote wakasirike. Watakasirika kweli. Waacheni wakasirike.

Jawabu la siku ya tano lilikuja Bwana Dakane akiwa amebakiza miezi michache astaafu. Alikuja daktari kijana kutoka Nairobi, akatukusanya chumba cha mikutano kutueleza mambo mapya. Wengi tulikwenda kwa ajili ya mandazi. Akachora ubongo ubaoni, akachora mshipa ulioziba, halafu kando ya mishipa akachora nyuzi nyembamba. Hizo ni neva, akasema, na kwenye ncha zake mwili umehifadhi vijumbe vidogo vidogo vya asili vinavyoitwa nuropeptidi. Kimoja kinaitwa dutu P. Hatuletewi na ugonjwa kutoka nje, tumezaliwa navyo. Kazi yake ya kila siku ni njema: kupeleka habari za maumivu, kupanua mishipa, kuita msaada mahali palipoumia.

Shida ni kwamba ubongo ukiumia sana, neva huvimwaga kwa wingi. Mishipa ya damu ya ubongoni ina ukuta mgumu kuliko mishipa mingine, unaochagua nini kiingie na nini kibaki nje. Dutu P na wenzake huchangia kuulegeza ukuta huo. Mlioona mgao kule kambini mtanielewa: lango linafunguliwa ili gari la wagonjwa lipite, na watu wote waliosubiri nje wanaingia nalo. Maji na protini za damu hupenya, ubongo unavimba, na fuvu ni mfupa, halina pa kutanuka. Ukuta haulegei wote kwa mara moja. Ndiyo maana uvimbe unaongezeka saa hata saa, siku hata siku, wakati mgonjwa anakunywa chai na kuulizia mbuzi.

Daktari alisema pia si nuropeptidi zote ni adui, nyingine zinaonekana kuulinda ubongo, na wataalamu wanajaribu kwa wanyama wa maabara kuzizuia zile zinazodhuru. Dawa ya namna hiyo sijaiona kwenye kabati la wodi mpaka nilipokabidhi ufunguo. Labda nyinyi mtaiona, inshallah.

Bwana Dakane alikuwa amekaa mbele. Akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Kwa hiyo, daktari, mwili wenyewe unajaribu kumsaidia, na msaada ndio unaomwua?" Daktari akasema kwa kiasi fulani, ndiyo, ingawa na mambo mengine yamo. Bwana Dakane akaandika katika daftari lake, akalifunga. Tulipotoka aliniambia amefurahi kama mtu aliyetajiwa jina la mwizi aliyemwibia mbuzi miaka thelathini iliyopita. Mbuzi harudi, lakini angalau unajua ni nani. Tukacheka sana siku ile.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliogopa.

Bwana Dakane alikuwa na watoto wa kiume wawili na binti mmoja, Shukri, wa mwisho. Mama yao alifariki Shukri akiwa mdogo, na binti huyo alikulia mgongoni mwa baba yake, naweza kusema, na kidogo mgongoni mwangu. Aliniita eedo, yaani shangazi, dada wa baba, ingawa hatukuwa ndugu. Alipokuwa mkubwa akampenda mwalimu wa shule kutoka Bute, kule Wajir Kaskazini. Posa ikaletwa, Bwana Dakane akaikataa. Sababu zake alizijua mwenyewe. Vijana wakafanya ambavyo vijana wetu hufanya wakikataliwa: wakasafiri mbali na mji, wakamtafuta sheikh, akasimama mahali pa baba, kama inavyoruhusiwa kwa walio mbali na walii, akawafungisha ndoa. Ndoa ilikuwa halali. Baba aliumia. Alisema maneno mbele ya watu, na mtu aliyezoea kusema kwa sauti ya chini akipaza sauti mara moja, watu hawasahau.

Shukri akahamia Bute. Miaka sita hawakusemezana. Alijifungua mtoto, habari zikaja kupitia kwa kaka zake. Bwana Dakane alisikiliza akaendelea kula. Mnaelewa jambo hili lina uzito gani kwetu. Mtu anaweza kuishi bila nyumba, bila mifugo. Kuishi bila radhi ya baba, ukijua baba anaweza kufa kabla hajakupa, hilo ni jambo la kukuamsha usingizini. Shukri alinipigia kila Idi. Hakuuliza kitu kingine ila kimoja: "Eedo, bado?" Nami nilijibu bado.

Kisha Bwana Dakane, akiwa na miaka mitatu ya kustaafu, alianguka msikitini akitawadha kwa sala ya adhuhuri. Walimpeleka nyumbani kwanza, wakamsomea, wakamkanda, na dawa ya kuyeyusha donge la damu ikapitwa na saa zake. Walipomleta kwetu mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa wodi, kwenye kiti chake kilekile. Upande wa kushoto umelegea, maneno yanatoka mazito lakini yanaeleweka. Picha ya kichwa ikaonyesha mshipa mkubwa wa kulia umeziba. Nilimwinua kichwa, nikamnyoosha shingo, nikampima kumeza. Nilifanya kila alichonifundisha.

Shukri akapiga simu jioni ileile. Kaka yake alikuwa amempa habari.

"Eedo, nikuje?" aliuliza. "Ama nikikuja presha yake itapanda? Sitaki niue baba yangu na uso yangu."

Nikamwambia asubiri, nitamjulisha. Nilifikiri ninawahurumia wote wawili.

Siku ya pili asubuhi nilimkuta Bwana Dakane macho. Daktari wetu wa zamu, kijana mzuri, mwenye haraka kidogo, alikuwa ameshampitia. "Sista, mzee ako fiti leo," akaniambia. "Amenipea lecture mimi." Na kweli alikuwa anamfundisha kila aliyekaribia. Aliuliza mto ameuweka nani, rafiki au adui. Alitaka kujua kama nimemhesabia maji ya dripu yasizidi. Nikamkalisha, nikampa chai kijiko kwa kijiko, akameza vizuri, na kila kijiko akanisahihisha jinsi ninavyokishika. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu ndoa ya mwanangu. Mwanawe mkubwa alikuwa tayari ameenda kuoga na kupumzika.

Alipomaliza chai akanishika mkono kwa mkono wake mzima. "Kaltuma," akasema, "nipigie Shukri."

Nisikilizeni vizuri hapa, maana kosa lenyewe mtu wa kwingine huenda asilielewe. Kwetu, mzazi mgonjwa akianza kuwaita watoto aliokosana nao, kila mtu wodini anajua maana yake. Anaaga. Simu moja kama hiyo, na kabla ya adhuhuri wazee wamejaa, wanaombana msamaha, wanamtamkisha shahada, wanawake wanalia uani. Mimi nimeona wagonjwa ambao wangepona wakisikia vilio vile wakakata tamaa. Kumpa simu kungekuwa kukiri, mbele yake na mbele yangu, kwamba Dakane anakufa. Na mimi sikutaka. Alikuwa anakunywa chai!

Nikamwambia, "Kesho. Leo pumzika, upate nguvu. Kesho utazungumza naye mpaka uchoke."

Akanitazama. "Leo ni siku ya ngapi?"

"Ya pili. Na uko vizuri sana, alhamdulillahi."

"Ya pili," akasema. Akaugeuza uso upande wa dirisha, nami nikamrudishia shingo katikati, nikamwekea shuka sawa, nikaenda kugawa dawa.

Alijua. Nimelizungusha jambo hili kichwani na sioni njia nyingine ya kulielewa. Yeye ndiye aliyetufundisha kuhesabu siku, yeye ndiye aliyeandika katika daftari kinachotokea kwenye ule ukuta, na alikuwa amelala pale akijua lango limeshafunguliwa ndani ya kichwa chake na kwamba ana asubuhi moja ya maneno. Aliniomba mimi kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wake na alidhani nami ninahesabu. Nilikuwa nahesabu. Niliijua kanuni, niliwafundisha wengine, ningeweza kuichora ubaoni. Nilichagua kutoijua kwa siku moja, kwa sababu nilimpenda. Hakurudia ombi. Hakuwa mtu wa kurudia.

Siku ya tatu niliingia zamu ya asubuhi nikamkuta mwanawe anatabasamu. "Leo baba imelala vizuri, usimuamshe," akaninong'oneza. Wanangu, usingizi wa mgonjwa wa kiharusi siku ya tatu si usingizi mpaka umeuthibitisha. Mwamshe. Ndugu wakikataa, mwamshe. Nilimwita, akafungua macho kwa shida, akapiga miayo, akayafumba. Nikamwita tena kwa jina kamili. Hakuitika. Nikachukua tochi nikamulika mboni, moja baada ya nyingine. Ya kulia ilikuwa kubwa kuliko ya kushoto, na haikujikunja kwa mwanga: uvimbe ulikuwa umeshaanza kuubana ubongo.

Tukampa dawa ya kupunguza maji ya ubongo. Daktari alikimbia, sasa bila maneno ya mtaani, akapiga simu Nairobi kuuliza kuhusu upasuaji wa kufungua fuvu ili ubongo upate nafasi. Wakamwuliza umri, wakamwuliza mboni, wakauliza safari itachukua muda gani, wakasema tumechelewa. Alipokata simu alisimama akitazama ukuta. Nilimshika bega. Kosa halikuwa lake.

Nilimpigia Shukri. Nikamwambia aje. Sikumwambia lolote jingine, na hakuuliza. Alimbeba mtoto, wakapanda gari la kwanza lililokuwa likielekea Wajir, wakaunga safari mpaka Garissa. Alifika siku ya nne baada ya alasiri, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamwambia wagonjwa wengine husikia hata wasipoweza kujibu, na hilo ni kweli, huwa tunasema hivyo kwa wote. Akainama sikioni mwa baba yake, akasema kwa Kisomali aliyokuwa ameyabeba miaka sita. Nilitoka nje. Mkono wa Bwana Dakane niliuacha ndani ya mkono wa bintiye, na niliporudi ulikuwa vilevile, haukufunga wala kufunguka. Alifariki siku ya tano, saa moja asubuhi, na alizikwa kabla ya adhuhuri.

Najua mtaniambia simu isingezuia ubongo kuvimba. Ndiyo, isingezuia. Hata ningefanya kila kitu sawasawa, mshipa ule ulikuwa mkubwa na yeye alikuwa mzee. Vijumbe vile vya neva havikuniuliza mimi. Lakini hicho ndicho ninachotaka mwondoke nacho, kuliko majina magumu mtakayoyakariri kwa mtihani. Uvimbe hamtauzuia mara nyingi. Siku ya pili ndiyo iliyo mikononi mwenu. Mgonjwa wa kiharusi kikubwa akizungumza siku hiyo, mwambieni jamaa ukweli: amepata nafuu, na hatari bado iko mbele. Aliye mbali na aanze safari. Na mgonjwa akiomba kusema na mtu, mpe aseme naye, kichwa juu, shingo sawa, wewe umemshikia simu sikioni. Presha ikipanda utaiandika.

Tulikaa matanga. Siku ya tatu wageni walipopungua, Shukri alikuja kuketi karibu nami jikoni kwa kaka yake, mtoto amemlalia mapajani. Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimeshautunga uongo wenyewe, mtamu, kwamba baba yake alimtaja na kumwombea dua. Nani angebisha? Alikuwa peke yake na mimi.

"Eedo," akasema, "alinitaja?"

"Alikutaja. Siku ya pili. Alisema, nipigie Shukri."

Aliuliza polepole, "Alitaka kuniambia nini?"

"Sijui. Sikumwuliza."

"Na mbona hukupiga?"

Nikamwambia yote, chai, furaha yangu, woga wangu wa vilio, ile kesho niliyomwahidi. Hakunikatiza. Nilitamani anipigie kelele. Alimfunika mtoto mguu uliotoka nje ya leso.

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

Alifikiri, kama mtu anayetafuta alipokuwa saa hiyo, kisha akapaona.

"Saa nne nilikuwa nimekaa tu, eedo," akasema. "Sikuwa na kazi. Simu nilikuwa nimeishika kwa mkono."